Nilimpima ng'ombe wa boma la wakwe na kifaa cha microwave, mshale ukaruka, nikachanganyikiwa kabisa

Wakuu, shikeni viti.

Ninayoandika hapa yalinipata mimi mwenyewe, si jirani, si rafiki wa rafiki. Naapa kwa cheti changu cha evening class, kile mama ameweka kwa fremu juu ya TV. Mahali nitatia chumvi mtajua tu, maana mkono wangu wa chumvi ni mzito. Lakini nyama ya hii stori ni kweli tupu.

Naanza na aibu ndio tuimalize mapema.

Mimi, mtu mzima mwenye diploma ya electronics, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kuna ng'ombe Kajiado amemeza network.

Sio utani. Niliamini. Mngeniita kortini ningeinua mkono.

Mambo yalisemekana hivi. Nyuma ya boma la wakwe zangu, ukitoka Isinya ukielekea Kajiado, ilisimamishwa booster mpya ya simu. Mlingoti wa chuma, mrefu mpaka ukiangalia juu kofia inaanguka. Muda si mrefu ng'ombe mmoja wa hapo, wa maziwa, akaanza kupunguza maziwa. Na ukiingia kwa zizi lake, simu inapoteza bars zote, hata ile moja ya kujikaza.

Watu wakapiga hesabu: booster inatuma, ng'ombe anameza, maziwa yanakauka, simu zinakufa njaa.

Hiyo ilikuwa sayansi kutoka Isinya mpaka Kajiado town. Kuna mzee alibadilisha njia ya mbuzi wake wasipite karibu na huyo ng'ombe, wasije wakaambukizwa 4G.

Wengine wenu mnacheka. Subirini, bado sijafika mahali pa kucheka.

Kwa wasionijua, niko Kitengela. Niko na kibanda cha kutengeneza TV, decoder, redio na simu. Mchana nilikuwa nikichoma solder, jioni nakimbia evening class, mpaka nikamaliza. Kwa kushika soldering iron sijaona mwenzangu kuanzia Athi River hadi Namanga, na Namanga nimeweka tu kwa unyenyekevu, ningeweza kuvuka mpaka.

Mke wangu ni Mmaasai. Siku tulipooana, kaka yake, anaitwa Lemayian, alinipa mtamba. Kwao mtu akikupa ng'ombe hamwitani tena majina. Yeye ananiita Pakiteng, na mimi namwita Pakiteng, mpaka mmoja wetu azikwe. Mimi mtu wa kibanda cha mabati sina pa kufugia, kwa hivyo ng'ombe alibaki kwa boma lao, akakua, akazaa, akawa ndiye anayemkamulia mama mkwe.

Jina lake Nashipai. Yaani mwenye furaha. Ni chotara wa Friesian, mweusi na mabaka meupe, macho kama ya mtu anayejua siri yako.

Ndio, wakuu. Ng'ombe aliyemeza network ni ng'ombe wangu.

Sasa muelewe uzito. Maziwa ya Nashipai ndiyo mama mkwe anaamka nayo. Kila asubuhi mtu wa boda anapita, anachukua mtungi, anapeleka kwa hoteli za Kitengela. Mama haombi mtu sukari, haombi mtu airtime. Ana watoto wanaojiweza, lakini yeye anapenda kusema, "Mimi nalishwa na Nashipai." Wale ng'ombe wengine wa boma ni wa kienyeji, wagumu, wanatembea, wanauzwa, lakini maziwa yao ni ya ndama na kikombe cha chai.

Wiki hiyo Lemayian akanipigia.

"Pakiteng."

"Pakiteng, sopa."

"Epa. Sikiza, hii ng'ombe yako booster imeimaliza. Maziwa hata haijazi kibuyu. Kuna mtu wa kichinjio anakuja na pickup Jumamosi. Sema ndio, tuiuze ikiwa bado na nyama."

"Na ukiuza bila mimi kusema?"

"Wee! Nilikupa. Nitauzaje kitu nilipeana? Nataka neno lako."

Hapo ndio nikakwama. Neno ni langu. Nikisema ndio, Nashipai anapanda pickup na mama mkwe anaanza kuomba sukari. Nikisema hapana na kesho aanguke afe, nitakuwa yule mkwe wa Kitengela aliyeacha mali ioze kwa kujifanya msomi.

Nikamwambia anipe mpaka Jumamosi yenyewe. Nitakuja nipime.

"Upime na nini?"

Nikamwambia, "Pakiteng, niko na mashine."

Na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nayo kweli.

Hapa nitoke kidogo kwa barabara.

Kuna dada anaitwa Halima tulikaa dawati moja evening class. Familia yao ilitoka upande wa Garissa, wako na duka la nguo hapa Kitengela. Mimi nikatoka na diploma, nikarudi kwa kibanda. Yeye akaendelea, sasa yuko university anasomea masters ya fizikia. Mimi namwita Prof, yeye ananiita Fundi. Kazi yake ni kitu kinaitwa magnetic tunnel junction, na anataka kukitumia kama sikio la kusikia microwave hafifu sana.

Alikuwa ameniletea kifaa chenyewe nikitengenezee sanduku, betri na mita. Aliniambia nikimaliza nikijaribu nje, mbali na kelele ya stima ya mjini. Sasa mbali na stima ya mjini ni wapi kama sio kwa wakwe?

Ngoja niwaeleze nilivyoelewa, na wajuzi watanirekebisha huko chini.

Chukua sumaku mbili nyembamba, nyembamba mpaka huwezi kuziona. Katikati weka ukuta mwembamba zaidi, ukuta usiopitisha stima.

Sasa stima inapita.

Ndio. Inapita kwa ukuta usiopitisha stima. Nilimuuliza Halima mpaka akachoka. Akasema elektroni haivunji ukuta wala hairuki ukuta, kwa sababu ukuta ni mwembamba mno inajikuta tu iko upande wa pili, na hiyo ndiyo tunnel. Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Hata sasa naandika sijaelewa, lakini nimezoea.

Sumaku moja imekazwa, haigeuki. Nyingine iko huru. Zikielekea upande mmoja, stima inapita kwa urahisi. Zikipingana, inapita kwa shida. Sasa mawimbi ya microwave, haya ya simu na Wi-Fi, yakigonga hapo, ile sumaku huru inatetemeka. Ikitetemeka, ule ugumu wa kupitisha stima nao unapanda na kushuka kwa mdundo uleule. Na mdundo ukikutana na mdundo, mwishowe inatoka stima ndogo iliyotulia ambayo unaweza kupima na mita ya kawaida. Halima anasema ikitengenezwa vizuri inaweza kusikia signal hafifu kuliko diode za kawaida za hiyo kazi.

Mimi nikaiwekea mita ya mshale, ya zamani, kwa sababu namba za digital hazina utamu. Mshale unaona ukiruka na roho inaruka.

Siku ananiachia alinionya jambo moja tu.

"Fundi, hii kitu ni sumaku ndani. Usiilete karibu na sumaku ingine. Spika, earphone, ile cover ya simu inajifunga. Zote weka mbali."

"Prof, nitailinda kama yai."

Na nililinda, wakuu! Nilitoa cover ya simu nikaiacha nyumbani. Nilitoa mshipi kwa sababu buckle yake ilikuwa inanitia shaka, nikaenda ukweni nikishikilia suruali kwa mkono. Hata redio ya mama mkwe niliomba ipelekwe nyumba ya mwisho. Hakuna binadamu amewahi kukimbia sumaku kama mimi siku hiyo.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Mama mkwe alikuwa ng'ambo ya ua, anaosha mitungi yake ya maziwa. Heshima ya mkwe kule mnaijua, husogei sana, unasimama kando unasalimia kwa Kimaasai.

"Yieyio, takwenya."

"Iko," akaitikia. "Umekonda. Kitengela hakuna chakula?"

"Chakula iko, Yieyio. Ni mawazo."

"Mawazo ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

Akaendelea kusugua mtungi ambao nilijua hauna cha kubeba. Hiyo ilinichoma kuliko angelia.

Lemayian akatokea, shuka begani, simu mkononi, amefuatwa na majirani wanne watano. Habari ya mashine ilikuwa imefika kabla yangu. Mzee wa mbuzi alikuwa pia, amesimama mbali kidogo kwa sababu ya 4G.

Tukaanza na booster yenyewe. Kampuni walikuwa wamezungushia plot yao ua wa waya, mrefu, umekata ile njia ya zamani iliyokuwa inapita katikati kwenda kwa birika la maji upande wa pili. Lemayian akanionyesha akiwa amekasirika.

"Sasa tunazunguka mpaka barabara ya lami ndio tufike maji. Zamani tulikuwa tunanywesha asubuhi na jioni. Siku hizi jioni tu. Lakini hizi ng'ombe zingine hazisumbuki, unaziona?"

Nikaziona. Zilikuwa zimenona na madharau. Nikaandika moyoni kwamba ua ni mrefu, nikaendelea na sayansi.

Nikaleta sanduku mpaka kwa geti ya booster. Nikawasha.

Mshale ukalala.

Nikazungusha antenna. Mshale umelala. Nikagonga sanduku kidogo, ile kugonga ya kitaalamu. Umelala fofofo.

Soja wa booster akatoka kwa kibanda chake, anapiga mswaki.

"Boss, unatafuta nini?"

"Napima nguvu ya hii mtambo."

"Nguvu? Hapa hata stima haijaletwa. Mimi nachaji simu kwa duka huko barabarani."

Nikamwambia asante, nikamwona ni mtu wa kulalamika. Nikarudi kwa kundi nikiwa nimechanganyikiwa. Chini ya booster yenyewe, hakuna signal? Inawezekanaje?

"Si nilikuambia," Lemayian akasema. "Imemezwa."

Na wakuu, nitakuwa mkweli: hapo hapo imani yangu ikakomaa. Signal haiko kwa booster. Basi iko kwa ng'ombe.

Tukaenda kwa zizi.

Nashipai alikuwa amesimama ndani ya banda lake la mabati, pande zote mabati na juu mabati, mama alimjengea jua lisimchome. Nikaingia, simu ikapoteza bars papo hapo. Majirani wakaguna pamoja kama kwaya.

Nikawasha kifaa. Nikakileta karibu na tumbo, upande wa kulia. Mshale ukainuka kidogo kama mtu aliyeitwa jina.

Nikazunguka kushoto, hapo nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele.

Mshale ukaruka ukagonga mwisho.

Nawaambia nilirudi nyuma nikakanyaga jirani. Mshale uligonga mpaka tukasikia ti! Halafu ukaanza kurudi polepole, ukapanda tena, ukarudi. Unapanda, unashuka. Kama kitu kinachopumua.

"Iko hai," mzee wa mbuzi akasema kutoka mlangoni. "Hiyo network iko hai."

Mimi nilikuwa na jasho la diploma. Nikasema tutulie, tufanye kisayansi. Booster iko upande wa kulia wa ng'ombe, lakini signal inaingia kushoto. Hiyo haikai sawa. Tumgeuze.

Tukamgeuza Nashipai. Tulimshika watu wawili mbele na wawili nyuma, mimi na sanduku, suruali inateremka, na Lemayian anapiga kelele kama mtu anayeseti dish juu ya paa:

"Hapo! Hapo hapo! Rudisha kichwa kidogo! Umepita!"

"Pakiteng, huyu si dish!"

"Wewe soma mshale!"

Tukamgeuza akiangalia booster. Kushoto, mshale juu. Tukamgeuza akiipa booster mgongo. Kushoto, mshale juu. Tukamzungusha mpaka akachoka nasi, akaburuta watu wawili nje ya banda, ng'ambo ya ua, hadi kwa beseni ambalo mama alikuwa anaoshea mitungi, akatumbukiza mdomo akanywa yale maji yote ya sabuni. Yote, wakuu. Akamaliza akalamba beseni mpaka likawa linalia.

Lemayian akanigeukia kwa huzuni ya kweli.

"Umeona? Imemchoma ndani. Mpaka anakunywa sabuni."

Mama mkwe akasema kutoka ng'ambo ya ua, bila kuinua sauti:

"Hiyo ng'ombe ilikula waya wa mjengo mwaka jana. Daktari akaipea kidonge, kubwa kama kidole, nzito. Ikapona. Labda ni hiyo waya inashika network?"

Majirani wakaona hiyo ni hoja. Waya tumboni, si ndiyo antenna? Na mimi, kijana wa evening class, nikatikisa kichwa kwa heshima nikasema, "Yieyio, inawezekana." Waya nilisikia vizuri. Kidonge kizito kilipita kando ya sikio langu kikaenda zake.

Tukamrudisha Nashipai bandani, nikabaki hapo. Booster kimya, ng'ombe anapiga kelele kwa mita, upande ni ule ule kila ukimgeuza, na mshale unapumua. Kila jibu nililopata lilikuwa linaleta swali lenye pembe kubwa zaidi.

Na kwa mbali pickup ya kichinjio inakuja, vumbi juu.

Lemayian akaja karibu yangu. Hakuwa anapiga kelele tena.

"Pakiteng, mashine yako imesema. Na mimi sitaki kuuza. Unafikiri nataka? Hii ng'ombe ndiyo jina letu. Lakini ikifia hapa, mama atabaki bila ng'ombe na bila kitu. Sema neno."

Nikasema anipe dakika nipige simu.

Nikatoka nje ya banda, nikapata bars, nikampigia Halima. Alikuwa dukani kwao, nikasikia mtu anauliza bei ya dera.

"Prof, kifaa chako kimepata signal kubwa sana. Inatoka kwa ng'ombe."

Nikasikia anamwambia mteja wa dera asubiri.

"Rudia, Fundi."

Nikarudia. Nikamweleza yote, kushoto, kupumua, kila kitu. Hakucheka. Hiyo ndiyo ilinitisha.

"Hiyo booster imewashwa?"

Nikafungua mdomo kusema ndio. Halafu nikakumbuka mtu mwenye mswaki.

"Soja anasema hata stima haijaletwa."

Nikasikia anaburuta kiti, anakaa.

"Kwa hivyo ulienda kupima booster imezimwa," akasema polepole, "ukapata hakuna kitu. Hiyo kifaa ilikuwa inakuambia ukweli, Fundi. Na simu zenu zinapotea network wapi?"

"Ndani ya banda."

"Banda ni ya nini?"

"Mabati." Nikageuka nikaangalia banda. "Mabati kila mahali."

"Basi ni hayo mabati yanazuia network. Na hapo kwa ng'ombe kuna sumaku?"

"Hakuna! Prof, nimekuja bila mshipi!"

"Fungua compass ya simu yako. Ipeleke hapo kushoto. Usiniambie unachofikiria, niambie unachoona."

Nikarudi na simu, call ikakatika mlangoni, nikaiweka mahali pale. Ile kaskazini ya simu ikaacha kazi ya kaskazini, ikageuka ikamwangalia Nashipai. Nikaisogeza, ikamfuata. Majirani wakaruka nyuma tena, lakini safari hii mimi sikuruka, kwa sababu hatimaye kile kidonge kilikuwa kimerudi na kunigonga kwa kichwa.

Kubwa kama kidole. Nzito. Ng'ombe aliyekula waya.

Kama hamjui, kama nilivyokuwa sijui: ng'ombe anayelisha karibu na mijengo, na Kitengela mpaka Isinya yote sasa ni mijengo, anaweza kuokota binding wire na misumari ndani ya nyasi. Wakati mwingine daktari wa mifugo anamsukumia sumaku kooni, inakaa tumboni upande wa mbele, inashika vyuma visitembee vikachoma moyo. Inakaa humo maisha yake yote. Tumbo likijikaza, sumaku nayo inasogea. Ndio maana mshale ulikuwa unapumua.

Nilikuwa nimekimbia kila sumaku ya Kajiado County, halafu nikaenda kukumbatia ng'ombe mwenye sumaku.

Sasa wakuu, kabla sijamalizia niweke somo hapa, maana nikimaliza mtakuwa mnacheka hamtasoma.

Kifaa kinachosikia sana kinasikia na vitu ambavyo hukuvitafuta. Hakikudanganya hata mara moja. Pale booster kilisema hakuna, nikakikatalia. Pale kwa ng'ombe kilisema kuna kitu, mimi ndio nikakipa jina. Na majibu yote yalikuwa yameshasemwa na watu waliokuwa wamesimama hapo hapo, bure, kwa Kiswahili, mimi nikiwa nimeinamia mita.

Wale wa fizikia naomba msaada wa kweli huko chini: elektroni inapitaje ukuta bila kuuvunja? Nielezwe kama mtu wa solder. Na wafugaji mniambie kama wa kwenu wako na sumaku, nijue wangapi tunatembea na spika tumboni. Wale wa "weka picha", suruali ilikuwa haijakaa vizuri, tuheshimiane.

Haya, tumalize.

Sumaku ilieleza mshale. Lakini haikueleza maziwa, na pickup ilikuwa imeshafika, mtu wa kichinjio ameshuka anamzunguka Nashipai akimpima kwa macho. Lemayian ananiangalia. Mama ameacha kuosha mitungi.

Nyuma ya pickup ikaja pikipiki. Ilikuwa ya daktari wa mifugo, ameitwa kuandika permit, kwa sababu bila permit ng'ombe haendi barabarani. Ni mama mmoja wa makamo, gumboot, koti limefuliwa mpaka halijulikani rangi. Ndiye aliyempa kile kidonge.

Nikamkimbilia na sanduku langu. Nikamweleza booster, microwave, sumaku mbili, ukuta, elektroni. Alinisikiliza mpaka mwisho, nashukuru. Halafu akanipita.

Akamvuta Nashipai ngozi ya shingo, akaiachia, akaangalia inavyochelewa kurudi. Akamwangalia macho. Akakanyaga kinyesi chake kwa gumboot, kikavunjika kama biskuti. Akaangalia beseni lililolambwa. Akainua macho akaangalia ule ua wa waya na njia iliyokatwa.

"Hii inakunywa maji mara ngapi?"

"Jioni," Lemayian akasema. "Kama hizo zingine."

"Hizo zingine ni za hapa. Hii ni grade, ina damu ya kizungu, na inakamuliwa."

Mimi nikaingilia, maana nilikuwa bado nataka angalau jina refu la kitabu.

"Daktari, lakini shida yenyewe inaitwaje?"

Akafunga kitabu cha permit bila kuandika kitu, akamwambia mtu wa pickup arudi alikotoka. Halafu akanigeukia mimi na sanduku langu, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Kijana, hii ng'ombe haina network. Iko na kiu. Leteni maji."